Mkato na Kiunganishi "na" katika Orodha za Kiswahili

Wanafunzi wa sarufi aghalabu hufundishwa kwamba mkato (au kipumuo, kama wengine wauitavyo) hutenganisha vitu vinavyotajwa kwa mfululizo, na kwamba kitu cha mwisho hutanguliwa na "na" pasipo mkato. Kanuni hiyo yatosha katika "mchele, nazi na samaki". Haitoshi pale haki ya mtu inapotegemea mpaka baina ya vitu. Tuchukue sentensi ya wosia:

(1) Shamba ligawanywe kwa usawa kati ya Asha, Juma na Mwanaidi.

Je, mafungu ni matatu, au ni mawili, Juma na Mwanaidi wakishirikiana nusu moja? Utata huu unatokana na "na" yenyewe, ambayo hubeba maana ya kuongeza na pia ya kuwa pamoja. Mkato ukitiwa baada ya "Juma", fasiri ya mafungu matatu hupata nguvu. Hata hivyo, katika wosia ni salama zaidi kuandika "mafungu matatu" waziwazi. Huko Marekani, mwaka 2017, mahakama ya rufani iliwapa ushindi madereva wa kampuni ya maziwa ya jimbo la Maine waliodai malipo ya saa za ziada, kwa kuwa orodha iliyokuwamo katika sheria ilikuwa na utata kwa kukosa mkato mmoja kabla ya kitu cha mwisho.

Katika kauli ya kutendwa, "na" humtaja pia mtenda, na hapo msomaji hupotea zaidi:

(2) Barua iliandikwa na katibu, mhazini na mwenyekiti wakaitia saini.

Mwandishi wa barua ni mmoja au ni watatu? Nuktamkato baada ya "katibu" humaliza shaka.

Upatanisho wa kisarufi nao husaidia. Katika "vitabu na madawati mapya", kiambishi ma- chaonyesha kwamba upya ni wa madawati tu. "Vitabu na viti vipya" hauna msaada huo. Heri kusema "viti vipya na vitabu".

Kiswahili cha hati za Kiarabu hakikutegemea mkato. Aghalabu "na" ilirudiwa mbele ya kila kitu. Mazoea hayo, ambayo walimu wengi huyasahihisha kwa wino mwekundu, yangeiondolea sentensi (1) utata wake: "kati ya Asha na Juma na Mwanaidi" huwapa wote watatu uzito mmoja.