Wageni Katika Bwawa la Samaki

Tangu mwaka wa 2009, Serikali ilipoanza kusaidia kuchimba mabwawa ya samaki katika sehemu nyingi za Kenya, wakulima wengi wa Kakamega wanaijua bei ya vifaranga. Basi ni hasara kuwamwaga vifaranga wapya juu ya samaki wakubwa waliomo tayari.

Ngege dume, ambaye wengine humwita tilapia, huchimba shimo chini ya maji ili jike atage hapo, na kila samaki anayekaribia humfukuza. Ajabu ni kwamba ugomvi huzidi wenyeji wakiwa wachache, kwa maana kila dume aweza kulinda mahali pake. Wakiwa wengi hawezi kuwafukuza wote. Mgeni mdogo husukumwa kando wakati wa chakula, hudumaa, au humezwa.

Kwa hivyo, ndugu mkulima, yafaa kutia vifaranga wa kimo kimoja siku moja, kiasi cha 3 kwa kila mita ya mraba. Ikiwa wa zamani wamo, wavue kwanza.

Kambare ni habari nyingine. Yeye hula vitoto vya ngege, na hiyo ndiyo kazi yake, kwa maana ngege huzaa mno hata bwawa likajaa visamaki visivyouzika. Lakini atiwe baada ya ngege kukua, naye awe mdogo kuliko wao.

Mfuko wa vifaranga uelee bwawani dakika 15 au 20, kisha ufunguliwe, maji ya bwawa yaingie kidogo kidogo, nao watoke wenyewe. Fanya hivyo asubuhi au jioni, jua lisipokuwa kali.