Je, Wajua? Shalumo, Mzazi Aliyemezwa na Klarineti

Duka lolote la vifaa vya ujenzi pale Eastleigh litakuuzia paipu ya maji ya plastiki, ile ya nusu inchi. Chomeka mdomo wa klarineti upande mmoja, kata hadi urefu wote uwe sentimita 50, kisha puliza. Itatoka sauti nzito isiyolingana na udogo wa paipu yenyewe, mitetemo kama 170 kwa sekunde. Filimbi ya urefu huohuo hutetema mara mbili ya hapo, oktava nzima juu. Toboa matundu manane na utakuwa umekaribia chombo ambacho Ulaya ilikipiga kwa miaka kama 80 kisha ikakiacha. Kiliitwa chalumeau; tamka shalumo.

Uzito huo wa sauti unatokana na ulimi wa tete uliofungwa kwenye mdomo wa chombo. Kwa jinsi unavyopigapiga, upande wa kupulizia huhesabika kuwa umezibwa, hewa ikabaki na upande mmoja tu wa kutokea. Bomba la namna hiyo hubeba wimbi lenye urefu mara nne ya bomba. Filimbi, iliyo wazi pande zote mbili, hubeba mara mbili tu. Tusiichanganye shalumo na nzumari ya Pwani. Nzumari ina ulimi wa tabaka mbili na bomba linalopanuka kuelekea chini, kwa hiyo ni ndugu wa oboe. Ukiipuliza kwa nguvu, nzumari huruka oktava moja. Bomba nyoofu lenye ulimi mmoja huruka zaidi, hadi noti ya 12.

Hapo ndipo shalumo iliponaswa. Matundu manane na vibonyezo viwili vya shaba, kimoja mbele na kimoja nyuma, viliipa noti za chini tu, oktava moja na nusu hivi. Kuruka juu haikuweza kwa uhakika. Watengenezaji walikwepa tatizo kwa kuchonga saizi nne, kuanzia soprano hadi besi. Mwaka 1687 ikulu ya Römhild, Ujerumani, iliagiza seti ya shalumo nne kutoka Nürnberg.

Katika mji huohuo wa Nürnberg aliishi fundi Johann Christoph Denner, 1655 hadi 1707. Doppelmayr, aliyeandika kuhusu mafundi wa mji wake mwaka 1730, alisema Denner aliiboresha shalumo na akabuni klarineti. Kwa macho tofauti ilikuwa ndogo. Kibonyezo cha nyuma kilisogezwa karibu na mdomo, tundu lake likafanywa jembamba, na ncha ya chini ikapanuliwa. Tundu hilo dogo ndilo linalolazimisha wimbi livunjike, na chombo kikapata ghorofa ya pili ya noti.

Ungedhani shalumo ilikufa siku hiyohiyo. La. Klarineti za mwanzo ziling'ara juu kama tarumbeta, lakini chini zilikuwa dhaifu, tena noti hazikukaa sawa. Kwa hiyo vyombo hivi viwili viligawana kazi kwa zaidi ya nusu karne. Wapigaji wengi wa zama hizo waligeuza ulimi ukatazama juu, ukaguswa na mdomo wa juu, kinyume na leo. Mtunzi Graupner wa Darmstadt aliiandikia shalumo katika kantata zaidi ya 80. Vivaldi aliitumia katika Juditha triumphans ya mwaka 1716 kuiga sauti ya hua, na waliompigia ni wasichana wa Pietà, makao ya mayatima mjini Venice. (Anayeona ajabu vijana wa Korogocho kupiga muziki wa okestra kupitia Ghetto Classics, mradi ulioanza mwaka 2008, akumbuke kwamba baadhi ya muziki huo uliandikiwa watoto waliotupwa.) Gluck naye aliiweka katika opera yake Orfeo, Vienna, mwaka 1762.

Kisha mafundi wakairekebisha klarineti sehemu ya chini. Eastleigh inaijua hesabu hii: jirani akianza kuuza bidhaa zake na zako pia, wewe unafunga duka. Kufikia miaka ya 1770 shalumo ilikuwa imekwisha. Kwa maoni yangu haikushindwa kwa ubaya wa sauti, maana noti za chini za klarineti ndizo tamu kuliko zote, na wanamuziki hadi leo huziita chalumeau.

Shalumo nyingi zilichongwa kwa mti wa Ulaya wa rangi ya njano. Klarineti ya leo ni nyeusi kwa sababu ni mpingo, mti mzito unaozama majini, na magogo yake hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Kule Kilwa vijiji vimekuwa vikivuna mpingo kwa cheti cha kimataifa cha misitu tangu 2009. Wachongaji wa Kikamba wa Gikomba, mwendo mfupi kutoka Eastleigh, wanaujua mti huo vizuri. Wao huuchonga vinyago.

Klarineti ya kisasa ina vibonyezo vingi na springi zake. Hiyo viachie viwanda. Shalumo ina viwili tu. Ujerumani mafundi wanazitengeneza tena, nyingine kwa ajili ya watoto wanaojiandaa kwa klarineti, ilhali zile za asili zilizobaki makumbushoni hazifiki 20. Mchongaji wa Gikomba mwenye tezo, keekee na vipimo sahihi anaweza kazi hii, na nadhani walimu wa muziki wa Eastlands wangefanya vyema kumpelekea oda. Kabla ya kumpelekea, sikilizeni kwanza kazi ya Telemann ya shalumo mbili.