Je, demokrasia inaweza kupandikizwa kutoka nje?

TANGU majeshi ya Marekani na washirika wake yalipoivamia Iraq mwaka 2003 na kumng'oa Saddam Hussein, swali moja limekuwa likiulizwa: je, taifa moja laweza kulipa taifa jingine demokrasia kwa nguvu?

Si lazima jibu litafutwe Baghdad. Historia ya Tabora, na ile ya vita vya Kagera, inatosha kufundisha.

Tabora, kituo kikuu cha njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, imeonja tawala nyingi za kigeni. Wajerumani walimshinda Mtemi Isike wa Unyanyembe mwaka 1893. Wabelgiji wakauteka mji mwaka 1916, kisha Waingereza wakashika hatamu. Wananchi, kuanzia mjini hadi vijiji vya mbali kama Lusu katika Nzega, hawakuulizwa wanataka kutawaliwa vipi.

Hata Waingereza walipoleta uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, waliuleta kwa masharti. Mpiga kura alitakiwa awe na kiwango fulani cha kipato, elimu au wadhifa, hivyo Waafrika wengi waliachwa nje. Aliyeruhusiwa naye alilazimika kuwachagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia.

Mfumo huo wa kura tatu ndio uliojadiliwa na mkutano mkuu wa TANU mjini Tabora, Januari 1958. Wajumbe wengi walitaka chama kisusie. Mwalimu Julius Nyerere alipinga, akieleza kuwa kususia kungewaachia baraza wapinzani wao wa chama cha UTP. Hoja yake ilishinda, na hatua hiyo ikaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitenga na kuunda chama chake, ANC.

TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda katika awamu zote mbili, 1958 na 1959. Mwaka 1960 kilitwaa viti 70 kati ya 71, na Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru.

Sanduku la kura lililetwa na mgeni, lakini mjadala wa namna ya kulitumia ulifanywa na wenyeji wenyewe, na wengi walioshindwa katika mjadala huo waliheshimu uamuzi.

Miaka 20 baadaye, Tanzania yenyewe ilikuwa mgeni mwenye silaha. Baada ya Idi Amin kuivamia Kagera mwaka 1978, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliingia Kampala Aprili 11, 1979. Lengo la awali lilikuwa kumfukuza mvamizi. Lakini Amin alipokimbia, likazuka swali la nani atawale.

Vikundi zaidi ya 20 vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikuwa vimekutana Moshi wiki chache kabla na kumchagua Yusuf Lule. Alidumu siku 68 tu. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa na wanajeshi Mei 1980.

Uchaguzi wa Desemba 1980 ulifanyika majeshi ya Tanzania yakiwa bado nchini humo. Chama cha Milton Obote, UPC, kilitangazwa mshindi. Wapinzani wakalalamikia udanganyifu. Februari 1981 Yoweri Museveni akaanza vita vya msituni, vilivyomfikisha Kampala Januari 1986.

Wapo wanaotaja Ujerumani Magharibi na Japani, zilizojenga demokrasia chini ya majeshi ya kigeni baada ya mwaka 1945. Hata hivyo, nchi hizo zilikwisha kuwa na mabunge, vyama na utumishi wa umma kabla ya vita.

Demokrasia hutegemea aliyeshindwa akubali kushindwa, akiamini kwamba kesho naye atapata nafasi. Jeshi la kigeni laweza kumng'oa dikteta, hata kulilinda sanduku la kura. Imani hiyo haliwezi kuileta. Hujengwa na wenye nchi.