Keshero: goti linabeba kuliko bidoni

Asubuhi ku Keshero tunakutana na wamama na watoto wakitoka ku ziwa Kivu, bidoni ya litre 20 mgongoni. Njia ni ya makoro, yale mawe ya volkano: hapa inapanda, pale inashuka. Ku barabara ya kwenda Sake, mwenye chukudu ameweka goti moja juu ya kipande cha mpira, mguu mwingine unasukuma. Jioni kilio ni kimoja: magoti!

Kwani goti linabeba kilo ngapi?

Ku hospitali ya Charité, mjini Berlin, watafiti waliweka vipimo ndani ya magoti ya bandia ya wagonjwa 5. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Mtu akitembea mahali tambarare, goti lilibeba karibu mara 2,6 ya uzito wa mwili wake. Akipanda ngazi mara 3,2. Akishuka mara 3,5. Ndiyo kusema, kwa mama wa kilo 60, kila hatua ya kushuka inaweza kufikisha kilo 200 na zaidi. Na wale wa Berlin hawakubeba bidoni.

Sababu ni hii: goti likikunjika, misuli ya paja inavuta kwa nguvu ili mtu asianguke, na ule mvuto unabana mifupa. Katikati ya mifupa kuko gegedu, ile kitu laini yenye kuteleza. Gegedu haina mishipa ya damu. Inapata chakula kutoka maji ya goti, wakati tunatembea. Kwa hiyo kulala tu si dawa. Lakini mzigo mzito kila siku, goti limekunjwa, unaimaliza pole pole, na ikishaisha hairudi sawa vile ilikuwa.

Hatuwezi kuambia mtu aache maji ao chukudu, juu ndiyo chakula cha watoto. Ila tunaweza kugawa mzigo, kushuka kwa hatua fupi, na kubadilisha goti ku chukudu. Nyumbani, kaa ku kiti, simama bila kushika na mikono, mara 10, kama hakuumi: paja lenye nguvu linasaidia goti. Likivimba, likiwaka moto ao likikataa kunyooka, tusikimbilie kukandwa. Twende kwanza kwa muganga.

Na kila bomba la maji linalosogea karibu na nyumba, linapunguzia magoti yetu safari.