Kauli Moja, Nia Mbili: Mchezo wa Kompyuta Ulionifanya Nipime Ahadi Zangu

Wazazi wengi tunaposikia mlio wa mchezo wa kompyuta chumbani, yanayotujia akilini ni risasi, damu na saa zinazopotea bure. Nami nilikuwa hivyo. Likizo iliyopita, baada ya sala ya Isha, nilimkuta mwanangu wa kidato cha tatu ameinamia kishikwambi, nikamwendea nikiwa nimekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza shauri. Nilichokikuta kilinishangaza. Hapakuwa na bunduki wala mbio. Palikuwa na maandishi, mstari baada ya mstari, na kijana ameshika kidevu akifikiri ajibu nini.

“Hapo unasoma au unacheza?” nikamuuliza.

“Vyote viwili, Baba,” akajibu, akanisogezea mkeka.

Mchezo wenyewe unaitwa Planescape: Torment. Ulitolewa Desemba 1999 na Black Isle Studios, kitengo cha kampuni ya Interplay ya California, Marekani, na mbunifu wake mkuu alikuwa Chris Avellone. Mwaka 2017 kampuni ya Beamdog ilitoa toleo lililoboreshwa ambalo huchezwa hata kwenye simu na vishikwambi. Ndiyo maana mchezo uliomzidi mwanangu umri umeingia nyumbani kwangu. Ni katika jamii ya michezo ambayo mchezaji hujivika uhusika wa mtu fulani na kuishi ndani ya hadithi yake. Chimbuko la jamii hiyo ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliochapishwa Marekani mwaka 1974, ambao watu huuendesha kwa mazungumzo na kwa kurusha dadu.

Kinachoutofautisha mchezo huu na wenzake ni wingi wa maneno. Hutajwa kuwa una takriban maneno 800,000, kiasi cha kujaza vitabu kadhaa vinene. Mapigano yamo, lakini mambo mazito humalizwa kwa ulimi. Mhusika aliyejengewa hekima na akili hufunguliwa majibu ambayo mwenye misuli mitupu hayaoni kabisa.

Mtu asiye na jina

Hadithi huanza katika nyumba ya maiti, ndani ya mji wa kubuniwa uitwao Sigil. Mtu mwenye makovu mwili mzima anazinduka juu ya meza ya mawe. Hana jina, wala hakumbuki lolote. Anayempokea ni fuvu linaloelea hewani, Morte, lenye maneno mengi na mzaha usiokwisha. Taratibu mtu huyo anatambua kwamba amekwisha kuishi mara nyingi: kila alipokufa alizinduka tena, akiwa amesahau aliyoyatenda.

Yeye amesahau, waliotendewa hawakusahau. Kila aendako anakutana na watu waliojeruhiwa na kauli zake za zamani. Yumo Deionarra, mwanamke aliyeambiwa maneno ya mapenzi na mtu aliyetaka kumtumia tu, akafa kwa kuyaamini. Yumo pia Dak'kon, mpiganaji aliyeokolewa kutoka katika mauti, akaapa kwa shukrani kwamba atamtumikia mwokozi wake mpaka mwokozi huyo afe. Hakujua kwamba anamwapia mtu asiyeweza kufa. Kiapo cha hiari kikageuka utumwa usio na mwisho, na yule aliyekipokea alikuwa amekipanga tangu mwanzo.

Mstari wa juu na mstari wa chini

Hapo ndipo mwanangu alipokuwa amekwama usiku ule. Mtu mmoja katika hadithi alimwomba msaada, na majibu yakajipanga kwenye skrini. Mawili kati yake yalikuwa na maneno yale yale ya kuahidi. Tofauti ilikuwa moja tu: jibu la juu lilitanguliwa na alama ya kwamba msemaji anasema kweli, na la chini likatanguliwa na alama ya kwamba anadanganya.

Nilimwuliza faida ya kurudia sentensi moja mara mbili ni ipi, ikiwa anayeambiwa atasikia kitu kile kile.

“Yeye hajui, Baba,” akanieleza, “lakini mchezo unajua.”

Ndivyo ulivyo. Mhusika huanza katikati, si mwema wala mwovu, si wa kutegemewa wala mkaidi. Kisha kwa kila tendo na kila kauli mizani husogea, na msemaji wa ahadi ya uongo huhesabiwa uongo wake hata kama aliyeahidiwa ameondoka akishukuru. Sisi tuliofundishwa tangu madrasa kwamba amali huenda na nia hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hili. Lakini nakiri kwamba sikutarajia kulikuta limeandikwa kwenye kioo cha kishikwambi, na watu wa California.

Akanionyesha na jingine. Kwa kuwa mhusika hana jina, akiulizwa anaweza kujibandika jina la uongo, Adahn. Akilirudia kwa watu wengi, mwishowe anakutana na mtu aitwaye Adahn, ambaye hakuwapo kabla. Amezaliwa na uongo wenyewe.

Nilicheka. Mwanangu hakucheka. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole, pasi na utovu wowote wa adabu:

“Baba, ile siku uliposema Jumamosi tutakwenda Bagamoyo kwa Bibi, inshallah, ulikuwa umechagua mstari wa juu au wa chini?”

Msomaji, sikuwa na jibu. Ahadi ile nilikuwa nimeitoa mara tatu, kwa Jumamosi tatu. Na kila mara nilijua, hata kabla sijafunga mdomo, kwamba sitakwenda. Nilitaka tu maulizo yakome. Nikamalizia kwa “inshallah”, neno tulilofundishwa tulitamke kwa unyenyekevu mbele ya Mola, mimi nikaligeuza mlango wa kutokea. Mtoto aliyasikia maneno mazuri. Nia yangu hakuiona, lakini aliihisi.

Nikamwambia, “Ulikuwa wa chini, mwanangu. Nisamehe.”

Yanayohitaji jicho la mzazi

Sisemi haya ili kila nyumba ikaununue mchezo huu. Unayo yanayomtaka mzazi awe karibu. Ulimwengu wake una miungu mingi ya kubuniwa, na unajengwa juu ya dhana kwamba imani za viumbe ndizo zinazoumba mambo. Kijana aelezwe wazi kwamba hiyo ni ngano, haina nafasi katika itikadi yake. Morte ana mizaha michafu, na mavazi ya baadhi ya wahusika hayana stara. Kwangu, mtoto wa shule ya msingi hana kazi nao.

Tena michezo ya namna hii hailingani. Baldur's Gate 3, uliotolewa mwaka 2023 na Larian Studios ya Ubelgiji, nao umejaa mazungumzo na umesifiwa duniani kote, lakini Ulaya umewekewa alama ya PEGI 18, yaani ni wa watu wazima. Alama hizo mzazi azisome kabla ya kulipa, si baada ya kuona yaliyomo.

Upande wa nafuu ni kwamba Planescape: Torment huchezwa na mtu mmoja, hauhitaji wageni wa mtandaoni, na mazungumzo yake humsubiri mchezaji. Adhana ikisikika, hakuna mwenzake anayemngoja wala pambano litakaloharibika. Kwetu tumekubaliana saa moja kwa siku, baada ya Isha, sebuleni, nami nikiwa kando yake. Kiingereza chake ni kigumu, hivyo kamusi iko karibu, na mara nyingi ni mimi ninayeifungua.

Kukaa kando yake ndiko kulikonifaa. Ningeuzima mchezo ule usiku wa kwanza, ningemnyima mwanangu saa moja ya burudani, nami ningekosa swali ambalo hakuwa na njia nyingine ya kuniuliza.

Jumamosi iliyofuata tulipanda basi la asubuhi kwenda Bagamoyo. Mama yangu alitupikia wali wa nazi na samaki, akamkalisha mjukuu wake karibu naye mchana kutwa. Jua lilipoanza kushuka tukaaga. Mama akanishika mkono, akauliza, “Mtakuja tena lini, mwanangu? Mwezi ujao?”

Jibu la kumfurahisha lilikuwa tayari mdomoni. Nilimtazama mwanangu, naye alikuwa ananitazama.

“Mwezi ujao sitaweza, Mama,” nikasema. “Kazi zimenibana. Nitakupigia simu kila Ijumaa, na mwezi unaofuata tutakuja, inshallah.”

Mama hakufurahi. Lakini aliitikia, “Inshallah,” na safari hii wote tuliimaanisha.