Mkono Aliouficha Mugwe

Katika nchi ya Wameru, mashariki mwa Mlima Kenya, palikuwa na cheo cha Mugwe, kiongozi wa dini ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kubariki. Huko Imenti alibariki kwa mkono wa kushoto, na mkono huo ulikuwa na mwiko wake: ulikaa umefunikwa ndani ya vazi, na iliaminika kwamba mtu wa kawaida akiuona atakufa. Padri Bernardo Bernardi wa shirika la Consolata alichapisha kitabu kumhusu Mugwe mwaka 1959. Mwaka uliofuata Mwingereza Rodney Needham akaandika makala nzima kuhusu mkono ule peke yake. Kilichomsumbua ni kwamba Wameru hao hao, sawa na majirani zao wengi, waliupa upande wa kulia heshima na wa kushoto unyonge. Imekuwaje baraka ya watu wote iwekwe upande mnyonge?

Jibu la Needham lilihusu mgawanyo wa madaraka: wazee walishika utawala, Mugwe akashika dini, na kila upande ukamhitaji mwenzake. Sura hii inatafuta jambo jingine. Ushoto wa Mugwe ulikuwa wa cheo, sehemu ya kazi aliyokabidhiwa. Mtoto wa Karatina anayekamata kijiko kwa kushoto kabla hajajua kusema hajakabidhiwa chochote na mtu yeyote.

Watoto wa namna hiyo si wachache. Mwaka 2020 watafiti walikusanya tafiti zilizohusu watu zaidi ya milioni mbili na kupata kwamba mashoto ni kama asilimia 10.6. Darasa la wanafunzi 40 kule Othaya, Nyeri, lingetarajiwa kuwa na wanne hivi. Wakikua, wanaingia katika ulimwengu wa vifaa visivyowajua. Mkasi wa fundi cherehani umeundwa kwa mkono wa kulia: vidole vinapobana, makali mawili husukumwa yasuguane. Ushike kwa kushoto, na kubana kule kule huyatenganisha makali, kitambaa kikajikunja katikati badala ya kukatika. Gurudumu la cherehani nalo liko kulia. Fundi shoto hujifunza kuishi hivyo hivyo, na wateja wake hawajui.

Shuleni, dawa ya zamani ilikuwa rula kwenye vidole. Je, dawa ilifanya kazi? Nyeri ina sababu yake ya kuuliza. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, binti mmoja wa Kiingereza alikuwa juu ya mti pale Treetops, katika msitu wa Aberdare, akitazama wanyama, huku baba yake akifariki Sandringham, Uingereza. Elizabeth akawa malkia. Baba huyo, Mfalme George wa Sita, alizaliwa shoto akalazimishwa kuandika kwa kulia, na kigugumizi chake kimezungumzwa sana tangu hapo. Kama kulazimishwa ndiko kulikoleta kigugumizi, si rahisi kuthibitisha kwa mtu mmoja. Lakini kalamu tu ndiyo iliyohama: mwaka 1926 alipocheza tenisi Wimbledon, raketi ilikuwa mkono wa kushoto.

Yupo na mwingine, amezikwa mjini Nyeri penyewe. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, alimalizia maisha yake katika nyumba ya Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, akafa tarehe 8 Januari 1941. Alichora kwa mikono yote miwili, na mwaka 1905 aliandika utangulizi wa kitabu kilichohimiza watu wote wafundishwe kutumia mikono miwili. Maskauti wake husalimiana kwa mkono wa kushoto hadi leo. Salamu hiyo hufundishwa kwa alasiri moja, na haijamgeuza skauti yeyote kuwa shoto.

Mkono wenyewe huanza mapema kuliko mwalimu yeyote. Peter Hepper wa Belfast aliwatazama watoto tumboni kwa mashine ya skani, akaona wengi wananyonya kidole gumba cha kulia. Mwaka 2005 yeye na wenzake walieleza walichokuta baada ya kuwarudia 75 kati yao wakiwa wakubwa. Waliokuwa wakinyonya cha kulia, 60, wote walitumia mkono wa kulia. Kati ya 15 wa kushoto, kumi walikuwa mashoto na watano walikuwa wamehamia kulia. Watafiti wa Ulaya nao, mwaka 2007, walipiga picha ubongo wa mashoto waliolazimishwa utotoni kuandika kwa kulia. Baada ya miaka yote hiyo ya mazoezi, sehemu zinazopanga mwendo wa mkono bado zilifanya kazi kama za mtu wa kushoto.

Basi ni jeni? Hapa ndipo wasomaji wengi huteleza. Utafiti wa mwaka 2020 uliohusu watu milioni 1.7 ulipata sehemu 41 za vinasaba zinazohusiana na ushoto, kila moja ikiwa na uzito mdogo sana. Urithi wote ukijumlishwa unaeleza kama robo tu ya tofauti baina ya watu. Pacha wa kufanana, wenye jeni zile zile na tumbo moja, hutofautiana mikono katika jozi moja hivi kati ya kila nne au tano. Sehemu kubwa inayobaki yaelekea ni bahati nasibu ya ukuaji wa ubongo kabla ya kuzaliwa. Jambo linaweza kutokuwa la jeni na bado likawa mbali kabisa na hiari ya mtu.

Mwelekeo wa kimapenzi una sura inayofanana na hiyo. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa watu wapatao 477,000 wa Uingereza na Marekani, ukiwauliza kama wamewahi kulala na mtu wa jinsia yao. Jeni moja ya ushoga haikupatikana. Zilipatikana sehemu tano zenye uzito mdogo, na mchango wote wa vinasaba ukakadiriwa kati ya asilimia 8 na 25. Ushahidi mwingine unatoka kwenye mpangilio wa kuzaliwa. Ray Blanchard na Anthony Bogaert wa Kanada walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kila kaka mkubwa wa mama mmoja huongeza kwa kama theluthi uwezekano wa mdogo wake kupenda wanaume. Mwaka 2006 Bogaert akapima kaka wa kambo na wa kulea waliokua nyumba moja na mvulana, na hao hawakuleta tofauti yoyote. Malezi yangekuwa ndiyo sababu, wangeleta. Jambo linaelekea kutokea tumboni mwa mama.

Mambo haya mawili hata yanagusana. Mwaka 2000 majumuisho ya tafiti 20 yalipata kwamba wapenzi wa jinsia moja wana uwezekano wa asilimia 39 zaidi wa kutokuwa watu wa kulia. Asiogope mzazi mwenye mtoto shoto: walio wengi kabisa kati ya mashoto hupenda jinsia nyingine kama watu wengine.

Uganda ilijaribu kulipeleka swali hili maabara. Mapema mwaka 2014 Rais Museveni aliwataka wanasayansi wamwambie kama mtu huzaliwa akiwa shoga. Walijibu kwamba hakuna jeni moja iliyothibitishwa, na kwamba si ugonjwa. Museveni alishika nusu ya kwanza na kutia sahihi sheria dhidi ya ushoga tarehe 24 Februari. Nchini Kenya, tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika kuadhibu mapenzi ya jinsia moja, na majaji wakasema hakuna ushahidi wa kisayansi wa kukata maneno kwamba wapenzi wa jinsia moja wamezaliwa hivyo. Siku tatu kabla, alikuwa amefariki mwandishi Binyavanga Wainaina, ambaye mwaka 2014 alijitangaza hadharani kuwa shoga na kusema alijijua tangu akiwa na miaka mitano.

Kosa, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni la pande zote mbili, watetezi na wapinzani, kwa kuikabidhi maabara kesi isiyokuwa yake. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi na umri, mambo ambayo mtu hakuyachagua, kisha katika orodha hiyo hiyo kinataja dini, ndoa, hata mavazi. Hakuna aliyedai jeni ya Upresbiteri ili waumini wa Tumutumu walindwe. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba ulinzi wa kifungu hicho unafikia pia mwelekeo wa kimapenzi, ikaruhusu shirika la kutetea wapenzi wa jinsia moja lisajiliwe. Vifungu vya 162 na 165 viliachwa palepale, kwa kuwa kesi hiyo haikuvihusu.