Kabla mbogi iende Naivasha, soma hii kuhusu ukungu

Kuanzia Juni hadi Agosti, Nairobi ni jaketi na chai ya tangawizi. Lakini panda kidogo kuelekea Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na baridi inakuwa kitu kingine. Ukungu ukishuka Uplands na Kimende, huoni hata nambari ya gari lililo mbele yako. Na hapo ndipo mbogi yako hupitia wikendi ikienda Naivasha: gari la kukodi, watu watano, muziki juu, mmetoka saa kumi na moja alfajiri ndio mkwepe jam.

Tufanye hesabu kidogo. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, gari linakula kama mita 22 kila sekunde. Sasa ukungu umekuachia mita 30 tu za kuona, na hapo mbele kuna trela limekwama bila taa. Ukiliona, una sekunde moja na kitu. Huo ni karibu muda wote ambao mguu unahitaji kutoka kwa mafuta hadi breki, yaani utaligonga gari likiwa halijaanza hata kupunguza. Hata uwe dereva moto aje. Kwa kilomita 30, tairi na breki zikiwa sawa, utasimama kabla ya kulifikia, hata lami ikiwa imelowa. Kwa hivyo achana na kibao cha barabarani. Angalia macho yako yanafika wapi.

Wengi wakikutana na ukungu huwasha fulu. Wapi! Mwanga unagonga matone ya maji na kukurudia machoni, unabaki ukitazama ukuta mweupe. Washa taa za chini, na zile za ukungu kama gari linazo. Usiachie swichi ya "auto" ikuamulie, kwa sababu ukungu wa mchana ni mweupe na gari linaweza kudhani kuna jua, kumbe taa za nyuma zimezima. Halafu hii tabia yetu ya kuendesha na hazadi zikiwaka! Kwenye magari mengi indiketa haionekani tena, na wa nyuma hajui kama umesimama au unakata kona.

Kioo kikifunga kwa ndani (mko watano mnapumua, lazima kifunge), usipanguze kwa kiganja. Washa AC pamoja na joto, uelekeze kwenye kioo. AC hukausha hewa.

Angalia tairi pia kabla ya kulipia hilo gari. Mengine hutoka Japani yakiwa na tairi za theluji, zimeandikwa "studless". Raba yake ni laini, imetengenezewa barafu. Kwenye lami yetu huisha haraka na hushika vibaya.

Ukishindwa kuona kabisa, usiegeshe ukingoni mwa barabara. Jikokote hadi petroli stesheni, mnunue chai, mngoje jua lipande.

Na kama mko kwa matatu na dere anaovateki trela kwenye ukungu, msinyamaze mkichati. Mmoja akisema ataitwa muoga. Mkisema nyote kumi na wanne, atarudi kwenye laini yake.